Mshono Ukatwe Tuone Ndani

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka, simu yangu haitulii. Wanangu bado wako shule ya msingi, kwa hivyo si wao. Ni mashemeji, ni majirani wa Nyalenda, hapa Kisumu, ni akina mama tunaoimba nao kwaya, na wakati mwingine ni mtu aliyenipita mara moja nikifunga lango la kanisa akaenda kuomba namba yangu kwa pasta. Shida yao ni moja: kijana amepata D, hataki kurudia, anasema anataka kazi ya kuchomelea vyuma. Apelekwe chuo gani? Kisha wanataja vyuo viwili vitatu, wanataka niwaambie kipi kina jina, kipi kina bweni, kipi kina ukuta mrefu wa kuzuia vijana kutoroka kwenda Kondele usiku.

Nami huuliza langu kabla ya kujibu lao: huko wanakata mshono?

Hapo mtu ananyamaza. Shemeji yangu mmoja wa Ahero alidhani nazungumzia cherehani. "Shem, huyu ni mvulana bwana, haendi kushona."

Mshono ninaousema ni wa chuma, pale vipande viwili vinapoungwa kwa moto. Basi naandika hapa kwa urefu, ili mwakani niwe na cha kuwatumia.

Mimi sikuanzia chuoni. Nilianzia Kibuye, kwenye kibanda cha mzee mmoja aliyejuana na marehemu baba. Alinipokea shingo upande, kwa maana kwake msichana alikuwa mtu wa kupaka rangi. Miezi ya mwanzo kazi yangu ilikuwa brashi na mkebe wa red oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, kusugua kutu, na kushikilia chuma kikichomelewa huku nimegeuza uso. Mashine yake ilitengenezwa na fundi mwingine wa jua kali, yaani wa kibandani kama yeye: nyaya za shaba zimezungushwa kwenye sahani za transfoma kuukuu, zimefungiwa ndani ya sanduku la mabati, na mbele kuna safu ya boliti. Ukitaka moto zaidi unahamisha kebo kutoka boliti moja hadi nyingine. Haikuwa na namba hata moja. Mzee alipima moto kwa sikio. Arki, ule moto wa umeme kati ya rodi na chuma, ikikaa sawa hutoa sauti ya omena zikikaangwa, mfululizo, bila kukatika. Rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka kuwa mshono, ikiwa mbali na chuma, sauti inakuwa nzito na cheche zinatapakaa. Ikiwa karibu mno, inaganda. Sikio hilo nilipewa na yeye, na mashine za kisasa zenye kioo cha namba hazijanipokonya.

Alinifunza na mengine ambayo sijawahi kuyaona kwenye silabasi yoyote. Fremu ya lango haiaminiwi kwa macho: unapima ulalo wa kona hadi kona, kisha ule mwingine, na vikitofautiana hata nusu sentimita unagonga mpaka vilingane. Unashikiza kwanza kwa vidonda vidogo, yaani matone ya rodi, kwenye kona zote nne, kisha unachomelea kwa kuruka, hapa kidogo, kule kidogo, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka na kikipoa kinajivuta, na ukimaliza upande mmoja wote kwa mkupuo lango linapinda. Skwea tyubu inauzwa kwa vipande vya mita 6, kwa hivyo mchoro wa mteja unaupanga kichwani kwa vipande vya mita 6 kabla ya kutaja bei, la sivyo mabaki yatakula faida yako. Na kwamba hakuna kukata hata kipande kimoja kabla ya kuona pesa ya awali. Hiyo ya mwisho alinifunza kwa kunionyesha lango lililokuwa limeegemea ukuta wa kibanda chake tangu kabla sijafika, la mteja aliyehamia Eldoret.

Mzee hakuwahi kunionyesha ndani ya mshono. Yeye mwenyewe hakuwa ameuona. Mshono ukionekana umejaa, umepigwa grinda, ukapakwa filla na rangi, kazi ilikuwa imekwisha. Kwa lango hiyo haina neno sana. Bawaba iking'oka mteja anapiga kelele, unaenda na mashine kwenye mkokoteni, unarudishia.

Lakini tazama mji huu unavyojengwa sasa. Kuanzia Mamboleo hadi Riat, karibu kila ploti ina mnara wa chuma na tangi juu yake, kwa sababu maji ya mfereji hayaaminiki. Tangi la lita 10,000 likijaa lina tani 10 za maji. Tani 10 zimekaa juu ya miguu minne ya chuma, na miguu imeshikwa na mishono ya fundi aliyelipwa kwa siku, na chini yake watoto wanacheza kwa kuwa ndipo penye kivuli. Fundi ni yule yule wa lango. Rodi ni zile zile. Grinda na rangi nazo ni zile zile. Mimi nilianza kuogopa minara nikiwa bado Kibuye, hasa tulipopewa kazi ya mmoja wa shule. Nilimuuliza mzee tutajuaje kwamba umeshika. Akaupiga mguu wa mnara teke mara mbili, akaniambia, "Umeshika."

Nikatafuta chuo.

Nilichokipata ni kile ambacho wazee wetu bado wanakiita polytechnic ya kijiji. Vyuo hivyo vilianza baada ya mwaka 1966, pale Baraza la Makanisa lilipotoa ripoti kuhusu vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa sekondari na wakakosa kazi. Vya mwanzo vilikuwa vibanda tu vyenye mafundi wa mbao, matofali na chuma. Baadaye vikaitwa polytechnic za vijana, na tangu ugatuzi uingie mwaka 2013 viko chini ya kaunti kwa jina la vituo vya mafunzo ya ufundi. Vingi havina sura. Changu kilikuwa na paa linalovuja na choo ambacho sitakielezea. Lakini kilikuwa na mwalimu.

Alituanzisha na tupa. Jiliwa, kipande cha chuma, tupa, na skwea ya kupimia: lainisha hadi mwanga usipite kati ya skwea na chuma. Wiki zikapita hatujaiona arki. Wavulana walinung'unika, mmoja akaondoka akisema hakuja kusugua vyuma. Mimi niliyetoka jua kali nilikuwa nanung'unika zaidi yao wote, maana niliona napoteza muda ambao ningekuwa napata hela. Faida yake niliiona baadaye: mshono mbaya huanza kabla ya moto, huanzia kwenye kingo zisizolingana na kutu isiyoondolewa.

Tulipofika kwenye moto, tulichora mistari. Hakuna kuunga kitu. Bamba moja, rodi baada ya rodi, mstari kando ya mstari, mpaka bamba lijae. Geuza, anza upya. Umbali kati ya ncha ya rodi na chuma usizidi unene wa waya wa rodi yenyewe. Kwa rodi ya gauge 12, ile ya milimita 2.5, anza na ampea 70 au 80 na usikilize. Gauge 10 inataka zaidi ya 100. Hapo ndipo sikio la mzee lilipokutana na namba, nami nikafurahi kupita kiasi.

Ijumaa ilikuwa siku ya kukata.

Mwalimu alitupa mabamba mawili ya milimita 10, kingo zimechongwa kwa mteremko ili yakikutana yafanye umbo la V, na mwanya mdogo kati yake. Unajaza V hiyo safu kwa safu. Ukimaliza, hakusifu wala kulaumu. Alipima, akachora mistari ya chaki kukatisha mshono, akakupa msumeno: jikatie vipande mwenyewe. Vipande unavilainisha kwa grinda mpaka mshono na chuma viwe sawasawa, usijue tena mwanzo na mwisho. Kisha kimoja kimoja kinawekwa kwenye kifaa cha jeki ya lori alichokiunda mwenyewe, na kinakunjwa mpaka kiwe U. Kimoja unakikunja uso wa mshono ukiwa nje, kingine unakikunja mzizi, yaani upande wa chini wa ile V, ukiwa nje. Mshono mzima unakubali kupinda pamoja na chuma chake. Mshono mbovu unafunguka mdomo mbele ya darasa.

Tulikuwa na kijana ambaye alikuwa amefanya jua kali miaka mingi kuliko mimi. Mishono yake ilikuwa mizuri, vijiwimbi vimepangana, tukimuonea wivu. Siku yake ya kwanza ya kukata, kipande cha mzizi hakikufika hata nusu ya U. Kilipasuka kwa kishindo, na ndani tukaona mstari mweusi umenyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho: kingo mbili za chuma ambazo hazikuwahi kuyeyuka hata kidogo. Juu kulikuwa na gamba zuri la chuma limekaa juu ya pengo. Kijana alikitazama kile kipande, akakaa chini. Msichana mmoja aliyekuja chuoni hajawahi kushika rodi, mshono wake ukiwa na manundu ya kuchekesha, chake kilikunjika chote bila ufa.

Mwalimu alivitundika vipande vile ukutani kwa waya, vizima na vilivyopasuka, bila majina. Kila mmoja alikijua chake.

Ukishaona ndani ya mshono, huwezi tena kudanganywa na nje. Unaanza kutambua ugonjwa. Vitundu vidogo vingi: rodi ilikuwa na unyevu, au chuma kilikuwa na mafuta na rangi, au arki ilikuwa ndefu. Vipande vyeusi vya gamba la rodi vimenaswa katikati: hukugonga na kupiga brashi kati ya safu moja na nyingine. Mstari wa mzizi usioyeyuka: moto mdogo, au mwanya haukuwepo, au mkono ulikimbia. Mtaro pembeni mwa mshono: moto mwingi, mkono ukapita bila kusubiri ujae. Ni mambo machache, lakini bila kukata unaweza kuyarudia miaka 20 na kuyaita uzoefu.

Rodi zenyewe zinastahili maneno, kwa sababu madukani hapa utauziwa kwa jina la pakiti tu. Ile ya kawaida ya malango imeandikwa 6013. Namba 60 inamaanisha chuma kilichojazwa kinahimili mvuto wa ratili 60,000 kwa kila inchi mraba. Namba 1 inayofuata inamaanisha inakubali kila mkao, chini, ukutani, wima na juu ya kichwa. Ya mwisho inaeleza aina ya ganda lililofunika rodi na umeme unaofaa. Ni rodi pole, inawaka kwa urahisi, haiingii ndani sana. Kwa kazi nzito kuna 7018, na hiyo ina masharti. Ganda lake limetengenezwa ili kupunguza haidrojeni, maana haidrojeni ikiingia kwenye chuma cha moto inaweza kukipasua baadaye, saa nyingi baada ya wewe kwenda nyumbani. Haidrojeni inatoka wapi? Kwenye maji. Na sisi tunaishi kando ya ziwa, hewa yenyewe ina maji. Pakiti ya 7018 ikishafunguliwa, rodi zinatakiwa kukaa ndani ya oveni yenye joto, na zikishanyonya unyevu huokwa upya kwa zaidi ya nyuzi 250. Nimewaona watu wakizianika juu ya mabati saa sita mchana na kusema zimekauka. Jua la Kisumu ni kali, nakubali, lakini halijafika huko.

Sasa macho. Mzazi akiniuliza kama kazi hii inapofusha, ninamwambia kinachounguza si mwangaza unaouona. Ni miale ya urujuanimno, na huunguza sehemu ya mbele ya jicho kama inavyounguza ngozi. Huhisi kitu mchana. Usiku wa manane unaamka macho yamejaa mchanga ambao haupo, machozi yanatiririka, taa huwezi kuitazama. Mara nyingi hutulia baada ya siku moja au mbili, na kila mtaa una dawa yake, vipande vya viazi, majani ya chai, hata maziwa. Mimi nasema usisugue, usitie kitu, nenda Russia, yaani hospitali ya Jaramogi, au kliniki yoyote ya macho, wakutazame. Miwani ya jua ya kununua barabarani haitoshi. Kioo cha ngao ya uso kinatakiwa kiwe na giza la namba 10 au zaidi kwa kazi zetu hizi. Na anayeumia zaidi kwenye vibanda vyetu si mchomeleaji. Ni msaidizi, yule anayeshikilia chuma na kugeuza uso, kwa kuwa ngao ni moja na ni ya fundi.

Moshi ndio unaonikera zaidi, kwa sababu hapa kwetu unajificha. Ukichomelea bomba au bati lililopakwa zinki bila kusugua ile zinki kwanza, moshi mweupe unaopanda ukiuvuta, jioni unashikwa na homa: baridi, viungo kuuma, kichwa, kutetemeka. Kesho au kesho kutwa imepita. Sasa mwambie mtu wa Kisumu, aliyezaliwa akiumwa na mbu, kwamba baridi ile si malaria! Mafundi wanameza dawa za malaria mwaka hadi mwaka, wanapona kwa sababu wangepona tu, na Jumatatu wanarudi kwenye moshi ule ule. Mwingine naye anapata malaria ya kweli, anasema ni moshi wa juzi, anachelewa hospitali. Pima damu kwanza. Na zinki isugue, simama upande ambao upepo unatoka, fanyia kazi nje.

Pipa lililowahi kubeba petroli sikubali kuligusa kwa bei yoyote. Mvuke unaobaki ndani ya pipa tupu ndio unaolipuka.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi, maana wazazi wanazipenda kuliko watoto wanavyozipenda. Kijana wa D kamili anaweza kuingia kozi ya cheti, ambayo kwenye mfumo mpya wa umahiri ni ngazi ya 5. Wa D- anaanzia ngazi ya 4, na stashahada, ngazi ya 6, inataka C-. Asiye na alama kabisa asilie: kuna mitihani ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, Grade III, kisha II, kisha I, ambayo haikuulizi KCSE, na wana kituo chao hapa hapa Kisumu. Mimi nilipitia huko. Na kwa wale ambao wako jua kali miaka mingi bila cheti, serikali ina utaratibu wa kupimwa ujuzi ulionao tayari na kupewa cheti bila kukaa darasani upya. Mwambieni yule mjomba wa Kibos aache kusema amechelewa.

Lakini karatasi hukufikisha getini tu. Nilikwenda kuomba kazi ya msimu kwenye kiwanda kimoja cha sukari wakati wa kufunga mitambo kwa matengenezo ya mwaka. Eneo hili limelisha mafundi kwa sukari tangu kiwanda cha Miwani kianze mwaka 1922, na vilivyofuata, Muhoroni, Chemelil na vingine, vyote vina mabomba, bwela za mvuke na roli za kusaga ambazo hazichoki kuvunjika. Getini tulikuwa foleni ndefu, karibu wote wanaume, wengine na vyeti vilivyopigwa laminesheni. Hakuna aliyevisoma. Kila mtu alipewa mabamba mawili, rodi chache za 7018, na maagizo: wima, kutoka chini kwenda juu. Msimamizi alikaa kwenye kiti na chai yake. Tulipomaliza, akayakata.

Nilicheka peke yangu ndani ya ngao. Mwalimu wangu alikuwa amenipa mtihani ule tayari, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Kazi ya pale ilinifunza kitu ambacho sikukijua: roli za kusaga miwa zina meno, na meno hayo yakilainika miwa inateleza badala ya kuvutwa. Kwa hivyo tunayapiga vidonda vya rodi ngumu, tone, tone, tone, maelfu, ili yawe na makali ya kushika. Mara nyingine roli linazunguka polepole huku unachomelea, juisi inatiririka, nyuki wamejaa, mikono inanata. Malipo yalikuwa mara kadhaa ya yale ya malango. Overoli waliyonipa ilikuwa ya mwanamume mwenye futi 6, nikaikunja miguu na kuishona kwa uzi wa nailoni, kisha nikaishonoa jioni ile ile baada ya cheche kuingia kwenye mkunjo.

Ukiacha sukari, kuna bandari yetu. Meli za mvuke za mwanzo za ziwa hili zililetwa vipande vipande mwanzoni mwa miaka ya 1900 na kufungwa hapa kwa ribiti. MV Uhuru II imejengwa hapa hapa kwa mishono. Na kule Naivasha, kaunti ya Nakuru, kuna mabomba ya mvuke ya mitambo ya umeme ya Olkaria yanayopanda na kushuka vilima. Maungio ya mabomba ya namna hiyo hayakatwi, yanapigwa picha ya eksirei au kupimwa kwa mawimbi ya sauti, lakini mchomeleaji mwenyewe kabla ya kuruhusiwa hupewa bomba lililofungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45, lisilozungushwa, alizunguke yeye. Mkao huo unaitwa 6G. Anayeupasi hatafuti kazi Kondele.

Basi, shemeji, ukienda kutembelea chuo, usianzie ofisini. Ofisini utaonyeshwa picha ya gavana na kombe la voliboli. Nenda karakana. Tazama sakafuni: kuna vipande vya rodi vilivyotumika, au pamefagiliwa safi? Karakana safi sana mwezi wa katikati ya muhula inanitia shaka. Hesabu mashine zinazofanya kazi, kisha hesabu wanafunzi. Uliza rodi zikiisha wanafanya nini, kwa sababu kuna mahali wanafunzi wanaambiwa wanunue wenyewe, na pengine huko wanaandika nadharia mpaka muhula uishe. Uliza umeme ukipotea kama kuna jenereta inayoweza kubeba mashine, si ya kuwasha kompyuta ya mkuu wa chuo. Halafu mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, mbali na mwalimu, umwambie akuonyeshe kipande chake kilichokunjwa. Akikuuliza "kipande gani?", mshukuru, panda matatu urudi nyumbani.

Usiidharau jua kali pia. Likizo zote kijana akae kwenye kibanda, kwa mzee yeyote mwenye wateja. Chuo hakitamfunza kumkatalia mteja anayetaka bei ya mwaka juzi, wala kusoma uso wa mtu asiye na nia ya kulipa.

Yule kijana wa Ahero alipata chuo. Baba yake alienda akakagua sakafu ya karakana mwenyewe, akanipigia simu kutoka huko huko kwa sauti ya mtu aliyegundua dhahabu: "Shem, rodi ziko kila mahali!" Anaanza Jumatatu, na jana walinitumia orodha ya vitu vya kubeba niipitie. Viatu vya ngozi, sawa, lakini suruali ishuke nje ya kiatu, isitumbukizwe ndani, cheche zisipate mlango. Mashati ya pamba, ya mtumba yanatosha. Glavu za ngozi za mikono mirefu anunue mwenyewe, za chuo zina matundu. Na ile jezi ya Gor Mahia aliyoitanguliza juu ya orodha aiache kwa mama yake: ni poliesta, cheche moja inayeyusha kitambaa kinashika ngozi.